Bodi ya Lori la Tangawizi

Karakana yetu pale Same inatengeneza bodi za malori madogo, yale yanayoshusha tangawizi kutoka Gonja. Kazi yetu ilikuwa imara, hakuna aliyebisha. Tatizo lilikuwa kuchelewa. Wateja wakaanza kupeleka malori yao Moshi, na kaka yangu, fundi mkuu, akaniambia waziwazi: bodi inayofuata ikichelewa, anafunga karakana na kwenda Dar es Salaam, ambako rafiki yake alishamtafutia kazi.

Mimi ni mwepesi wa hasira. Nilimwambia kabla hajakimbia, twende kwanza Moshi tukajipime na hao wanaotushinda. Mwenye karakana ya huko alitupokea vizuri, hata chai tulikunywa. Kaka alitoa futi yake akapima mabati, milango na bawaba, akitafuta siri kwenye chuma. Mimi nilitazama watu. Mashine zao zilikuwa kama zetu. Ila kule anayekata anakata, anayechomelea anachomelea, na lori linalofuata limeshaanzwa. Kwetu Upareni kazi ni msaragambo: lori moja likiingia, wote tunalivamia kama tunachimba mfereji wa kijiji. Mmoja anachomelea, wawili wanashika, waliobaki wanapiga soga.

"Umeona?" nikamuuliza kaka njiani.

"Nimeona bawaba zao ni nzito."

Nilitamani kushuka kwenye basi.

Tuliporudi tukawapanga mafundi kama wa Moshi. Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Mchomeleaji alizidiwa na mlango wa nyuma, na wenzake wamekaa wanamtazama, kila mtu kwenye nafasi yake, kwa sababu ndivyo tulivyowaagiza.

Kaka akafyonza. "Mwiga tembo, dada," akasema, hata methali hakuimalizia.

"Basi tusiige yote!" nikafoka. "Kila mtu na kazi yake, lakini mwenzako akiita, nenda. Mkimaliza, rudi."

Kuitana tulikujua tangu utotoni. Kazi ikaanza kwenda.

Lori hilo tulilokuwa tukilitengenezea bodi lilikuwa la mzee mmoja wa Gonja. Alikuja siku tuliyokubaliana, akaitikia shikamoo zetu, akapanda kwenye bodi na kurukaruka humo na uzee wake.

"Imekwisha kweli?" akauliza. "Mimi nilikuja kuwagombeza tu."

Kaka hakucheka. Alitoka nje akampigia rafiki yake. Nilimsikia akisema, "Hiyo kazi mpe mwingine. Mimi nabaki Same."

Nikalia palepale, brashi ya rangi mkononi, mbele ya mafundi wote, wala sikuona haya.