Herufi Nilizomwandikia Mama

Herufi zile nilizichora mwenyewe kwenye kompyuta, katika chumba ninachokodi mjini Nakuru kwa kazi ya kuchapisha mabango. Zilikuwa nene, zenye miguu mipana na ncha zilizojikunja kama mkia wa kinyonga. Nilizikusudia kwa mabango ya bucha na hoteli. Lakini wachapishaji wenzangu walizinakili, na kwa kuwa hazififii hata kwenye karatasi duni, zikaishia kwenye vijitabu vya mazishi. Baada ya muda wateja hawakuzijua kwa jina lingine. Waliingia, wakasema, niwekee zile za mazishi. Nikazoea.

Mama alipotoka hospitalini tulipanga ibada ya shukrani nyumbani kwake, Subukia. Alikuwa amekonda, na kila jioni alimuuliza dada yangu ni neno gani la daktari tunalomficha. Hakuna tulichomficha. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba tunamtarajia aishi, kwa hiyo nikamtengenezea bango: picha yake akitabasamu, na maneno ya kumshukuru Mungu kwa maisha ya mama yetu. Nilitumia herufi zangu kwa sababu sina nyingine nzuri kuzishinda. Asubuhi nikalifunga langoni kwa kamba.

Wanawake wa kanisa walisikika wakiimba tangu barabarani. Walipofika kwenye kona inayotazama lango, wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Nilidhani wamesimama kupumua. Kisha wakaja kimya, wamejifunga leso viunoni. Mmoja akatua mzigo wake wa unga, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Ametuacha saa ngapi?"

Nilimwambia yuko ndani anavaa viatu. Akalitazama bango, akanitazama mimi, na mikono hakuiachilia. Nyuma yake, wanaume wawili walikuwa wameshaanza kupanga viti vikitazama mlango, kama tupangavyo jeneza linapotoka.

Aliyetoka ni mama, na mkongojo wake. Hakuna aliyemsalimu. Walimpisha, akapita katikati yao hadi langoni, akasoma polepole, kidole kikifuata mikunjo ya herufi. Kabatini mwake kuna vijitabu vya mazishi ya marafiki wote aliowazika, vyenye herufi zilezile.

"Kwa hivyo daktari alisema," akaniambia.

Nilimweleza yote: kwamba nilizichora mimi, kwamba zilikuwa za bucha. Aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kama anayemkubalia mtoto. Ibada ikaendelea, ila nyimbo ziliimbwa kwa sauti ya chini. Jioni nilitaka kulichoma lile bango. Alikataa. Alilikunja mwenyewe, akaliweka kabatini pamoja na vijitabu.

Bado yuko, anakula vizuri, na anamkamua ng'ombe wake. Mwezi uliopita nilimkuta amelitandaza kitandani. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nafasi nyeupe niliyoacha chini, pale vijitabu vya mazishi huandikwa tarehe, ilikuwa ya kuandika nini. Nilimwambia ni ya kupitishia kamba.

Akaitikia, akalikunja tena kwa mikunjo ileile.