Shemeji Anataka Watunzi Wangu wa Nyimbo Waimbe Wakibeba Sahani

Admin, nifichie jina tafadhali, maana hapa Kicukiro, Kigali, tunatambuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, Mnyarwanda niliyekulia Karagwe, Tanzania. Nina mke, kitambi, na sauti iliyofanya kwaya ya kanisani kwetu iniombee nipate huduma nyingine. Kwa kuwa kuimba kulinishinda, niliamua kuwatafutia mahali wanaoweza.

Mahali penyewe ni ua ulio nyuma ya baa ya brosheti, yaani mishikaki, ya kaka wa mke wangu. Kila Jumapili mchana, baada ya ibada, wanakuja watu waliotunga nyimbo zao wenyewe. Wimbo wa mtu mwingine hauruhusiwi, hata uwe mtamu namna gani. Nyimbo za hivyo zina harusi zake. Spika hatuna, kwa sababu jirani wa ukuta wa pili alishatushtaki kwa mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, kwamba gitaa linampandisha presha. Tukakubaliana hata makofi tusipige. Wimbo ukiisha, tunainua mikono na kuitikisa kimya kimya. Kuna mama mmoja alichungulia getini akaniuliza hili kanisa letu jipya linabatiza lini.

Basi shemeji akaleta televisheni kubwa kama mlango, kwa ajili ya mpira. Sikukataa. Baa ni yake, na mtunzi wa nyimbo ana uwezo wa kunywa soda moja mchana kutwa. Lakini mnajua nani alikuwa wa kwanza kukaa mbele ya ile televisheni? Jirani wa presha. Goli likiingia anapiga kelele mpaka kuku wa mtaa mzima wanatawanyika. Nikamuuliza kwa utani, mzee, presha imepona? Akanijibu bila aibu: "Mpira ni mpira, bwana. Gitaa ndilo linaniingia kichwani." Nilicheka. Wakati huo bado nilikuwa nacheka.

Jumapili iliyopita ndiyo imenitoa hata hamu ya kula. Kuna mwanamke nitamwita Mama Keza, si jina lake. Anashona nguo kiwandani kule Masoro, na nyimbo zake anazitunga kichwani mashine ikikimbia. Alikuja na wimbo mpya kuhusu mama yake mzazi, ambaye uzee umemsahaulisha jina la mwanawe. Kuna mstari unasema, "Niite hata kwa jina la jirani, mama, nitaitika." Aliponionjesha pale getini nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Siku hiyo mhudumu mmoja hakufika, na meza zilijaa mabwana wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri, waliokuja kutazama mechi. Shemeji akamwendea Mama Keza akamwambia kuimba hakuhitaji mikono, kwa hiyo aimbe huku akipeleka sahani. Nilidhani anatania. Mama Keza naye, kwa kuogopa kunyimwa nafasi, maana kwingine mjini wanataka playback na nyimbo za watu maarufu, akachukua trei ya zingalo, ule utumbo wa mbuzi wa kuchoma unaochuruzika mafuta, akaanza kuimba akipita kati ya meza. Alipofika kwenye ule mstari wa jina, bwana mmoja akainua kidole bila kumtazama: "Dada, pilipili."

Akanyamaza. Akaenda kuleta pilipili. Akarudi, akauanza mstari upya. Kuna mmoja alikuwa anamrekodi kwa simu huku anatafuna, midomo inang'aa mafuta, wenzake wanacheka. Ndugu zangu, nilipata kinyaa kile cha kukufanya uteme mate. Nikainuka na kitambi changu, nikampokonya trei. Yule bwana wa pilipili akasema, "Na wewe mzee, imba basi." Meza nzima ikaangua kicheko, na jirani wa presha alicheka kuwashinda wote.

Shemeji hakuona kosa. Alinivuta pembeni akaniambia, "Muramu, shemeji yangu, iko shida gani? Watu wanakula, muziki wanasikia. Kuanzia sasa kila anayeimba hapa atabeba sahani." Na alikuwa anafurahi kweli, masikini, kama mtu aliyegundua dawa.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu tuwahamishie watunzi sebuleni kwetu, huku Gahanga, Kicukiro hii hii. Hakugombana nami. Alinikumbusha tu kwamba tuliporudi nchini kaka yake ndiye aliyetupokea, tukalala kwake na watoto mpaka tukasimama wenyewe. Nikiondoka pale kwa hasira, nitakuwa nimemdhalilisha mbele ya ukoo. Tena sebule yenyewe ni ya kukaa watu kumi wakibanana, na mtunzi anataka asikike na mtu asiyemjua, si na mimi na paka wangu. Nikinyamaza, wataendelea kukatizwa wimbo kwa pilipili. Nikiondoka, huenda nitakuwa nimewafungia mlango wa mwisho walio nao, halafu nijisifu kwamba nina msimamo.

Jana Mama Keza alinipigia simu. Hakulalamika hata kidogo. Aliuliza tu, "Mzee, Jumapili nivae nguo ya kuimbia, au niazime aproni?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mpaka sasa sijampigia. Jamani, nishaurini, nimjibu nini?