Bunduki ya Josephat wa Buswelu

Josephat Chenge wa Buswelu ana miaka arobaini na saba, mashine ya kukoboa mpunga, nyumba ya bati la bluu, mke mwenye akili, na mdomo ambao haujapata kufungwa kwa hiari yake. Nilimfundisha alipokuwa darasa la tatu. Hata wakati ule alikuwa mwandishi wa insha zenye kichwa kirefu na mwili mfupi, na nilipomuuliza kwa nini ameishia sentensi ya pili, alinijibu kwamba mengine yanaeleweka. Utu uzima haukumrekebisha, ulimwongezea sauti tu.

Mwezi Juni mwaka juzi, wezi waliingia nyumbani kwa jirani yake, mjane aitwaye Justa, wakati mwenyewe akiwa kanisani. Walichukua televisheni na betri ya sola. Justa alilia siku moja, akabadilisha kufuli, akaendelea na kilimo chake. Josephat, ambaye hakuibiwa hata kijiko, ndiye aliyejeruhiwa vibaya. Mchana ule ule alikuwa akitangaza mbele ya mashine yake kwamba atanunua shotigani. Kufikia jioni alikuwa amekwisha kuwa mwindaji pia, kwani alikumbuka kanga wa porini waliojaa mbugani upande wa Magu, akaapa kwamba Jumapili zake zote zitakuwa za kuwapiga kanga.

Sitaki nieleweke vibaya. Kulinda nyumba ni haja halali, na kupiga ndege kwa kibali ni burudani halali. Kinachostahili dharau ni mtu anayechagua chombo cha hatari kwa kigezo cha jinsi atakavyoonekana akikibeba. Josephat alikuwa ametenga thamani ya madume matatu ya ng'ombe, wala hakuwa na dume la nne. Kwa fedha hiyo angepata bunduki moja, ya kwanza na pengine ya mwisho. Tena asingeipata kabla ya mkutano wa mtaa kuthibitisha tabia yake, kwa kuwa bila barua ya mtaa fomu yake isingepokelewa popote. Mtu mwingine angelifikiri jambo hilo kimya kimya. Yeye alilitangaza kuanzia Buswelu hadi stendi ya Magu, hata ikawa kwamba mkutano ukimkataa hatakuwa na mahali pa kuficha uso.

Mshauri wake wa kwanza alikuwa Pius, aliyewahi kulinda lango la ghala kwa miaka minane akiwa na bunduki ambayo, kwa ushahidi wake mwenyewe, haikupata kuwekwa risasi. Walikutana kwa kinyozi, mahali ambapo elimu ya aina hiyo hutolewa bure.

"Kaka, usije ukanunua manati," Pius alisema, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. "Chukua ile nyeusi ya kukoki. Ukiivuta tu, kra-kra, mwizi anaanguka mwenyewe."

"Anaanguka kwa sauti?" kinyozi aliuliza.

"Kwa sauti! Mimi nimeona."

"Inabeba risasi ngapi?" Josephat aliuliza.

"Nane. Kabla hujapepesa jicho zimeisha."

"Na kwa kanga je?"

"Kanga! Kwa ile, kaka, utakula supu tu. Nyama yote itakuwa imegeuka moshi."

Walicheka mpaka mashine ya kunyolea ikasimama. Hakuna aliyeona kwamba mtu aliyetaka bunduki ya kupigia ndege alikuwa ameshauriwa achukue ile ambayo, kwa maneno ya mshauri, haibakizi ndege. Pius alikuwa akiongopa hata katika hilo, kwa maana kinachoamua hali ya nyama ni ukubwa wa marisau, zile chembe zilizomo ndani ya risasi, na umbali wa mpigaji, si rangi ya bunduki. Lakini ili kulijua hilo sharti mtu awe amewahi kupiga kitu.

Wiki iliyofuata Josephat alikwenda mjini kwenye duka la silaha la mzee Abdillah, fundi wa bunduki na mtoto wa fundi wa bunduki. Mkewe Selina alifuatana naye. Hakualikwa; alivaa tu viatu akatangulia, na habari za huko nimezipata kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni."

"Nataka ile nyeusi, ya kukoki," Josephat alisema, akiionyesha ukutani kwa kidole.

Mzee aliishusha, akaikagua kwamba haina kitu, akampa. Josephat aliipokea kama anavyopokea mtu mtoto wa mgeni, mikono ikiwa mbali na mwili, kisha akazunguka nayo dukani. Mtutu ulipita kwenye kioo, ukapita kwenye kalenda, ukapita kifuani kwa Selina.

"Bwana, teremsha mtutu. Huyo ni mkeo."

"Si haina risasi, mzee?"

"Nimezika watu wawili waliopigwa na bunduki isiyo na risasi. Teremsha. Na kidole kitoe hapo."

Alitoa kidole. Mzee akamwuliza, kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao, "Nyumbani kwako analala nani?"

"Mimi."

"Jumatatu, Jumanne na Jumatano yuko Magu ananunua mpunga," Selina alisema.

"Basi siku hizo bunduki itafanya nini? Sheria inamjua mwenye leseni peke yake. Mwingine hairuhusiwi hata kuishika."

"Siku hizo," Josephat alijibu, "wezi watakuwa wamekwisha sikia habari zangu."

Selina alikuwa amesimama mbele ya bunduki nyingine, kuukuu, ya mtutu mmoja, ile inayokunjwa katikati ili kutiwa risasi. Aliomba aione. Aliikunja, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea mwanga wa dirisha, akaifunga, akaweka kitako begani huku akilenga kona ya dari ambako hapakuwa na mtu.

"Nani amekufundisha, mama?"

"Baba yangu. Shamba letu la mpunga liko Magu, karibu na ziwa. Viboko walikuwa wakitoka majini, naye anapiga hewani kuwarudisha. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuisafisha, na yeye anakaa anatutazama hadi tumalize."

Ndipo mzee alipowaeleza, na ningependa kila mnunuzi wa mara ya kwanza ayasikie maneno yale. Bunduki ile ni nyepesi na ina vipuri vichache vya kuharibika. Ukiikunja tu, hata asiyejua kusoma anaona kama ina risasi au haina. Ukitaka ndege, unatia risasi ya marisau madogo. Ukitaka kulinda mlango, unatia ya marisau makubwa. Chombo ni kile kile. Tena bei yake haikufika madume mawili, kwa hiyo dume la tatu lingelipia kabati la chuma la kuifungia, mafunzo, na risasi za kujizoeza.

"Hiyo?" Josephat alisema. "Hiyo ni ya mzee wa kufukuza ngedere. Mtu mzima mwenye mashine yake nibebe mtutu mmoja? Watanicheka."

Hiyo ndiyo hoja yake pekee ya kweli niliyopata kuisikia katika shauri zima: watamcheka.

"Leta leseni kwanza," mzee alisema, akaining'iniza nyeusi mahali pake. Ile ya mtutu mmoja aliiacha mezani.

Jumamosi iliyotangulia mkutano, kiasi cha saa kumi alasiri, ulipigwa mwano. Kwa asiyekulia Usukumani, mwano ni yowe la kuita msaada ambalo hupokezanwa nyumba kwa nyumba, na anayelisikia hutoka alivyo, hata akiwa na sabuni mwilini. Asiyetoka hukumbukwa. Safari hii wezi walikuwa wameswaga mbuzi wa Justa. Sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, walikwisha kukusanyika na kamanda wao, Shimba, alikuwa akikimbia na fimbo alipompita Josephat amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine.

"Josephat, husikii?"

"Nasikia, kamanda. Lakini mimi sasa ni mtu wa silaha. Siwezi kukimbia na fimbo kama mchunga ndama. Leseni ikitoka mtaniita."

"Tutakuita," Shimba alisema bila kusimama.

Selina alitoka nyuma ya nyumba, mikono imejaa unga, filimbi mdomoni, akampita mumewe pasipo kumtazama. Mbuzi walipatikana wamefungwa bondeni kwenye matete, na yeye alikuwa miongoni mwa watu wanne waliofika kwanza. Josephat alibaki kwenye kiti chake, na nina hakika alijiona mwenye heshima.

Mkutano ulifanyika Jumatano, naye akaahirisha safari ya Magu kwa ajili yake. Alivaa shati jipya lenye mikunjo ya boksi. Mimi nilikuwa katibu, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja asiyependa hotuba.

"Mwombaji ni Josephat Chenge. Bunduki moja, kwa ulinzi wa nyumba na burudani. Nani anamthibitisha kwa tabia?"

Hakuna mkono ulionyooshwa. Nilisubiri kalamu mkononi. Hatimaye Shimba akasimama.

"Mwenyekiti, mwenye bunduki tunataka awe mtu anayetoka. Huyu Jumamosi ameniambia tumwite leseni ikitoka. Bunduki ya mtu asiyetoka itatusaidia nini sisi?"

"Kamanda, lile lilikuwa mzaha!"

"Mbuzi wangu hawakujua," Justa alisema kutoka nyuma.

"Mama Justa, mimi ni jirani yako..."

"Ndiyo, jirani. Nilikuona vizuri. Ulikuwa umekaa."

Kicheko alichokiogopa dukani kilimfikia pale, wala hakikuhitaji bunduki ya mtutu mmoja. Mwenyekiti aligonga meza.

"Basi ombi limekosa mthibitishaji. Nifunge?"

"Mkewe alitoka," Justa alisema. "Huyo namthibitisha hata leo."

"Selina, una ombi?"

"Sikuja na ombi, mwenyekiti," Selina alisema. "Ila siku tatu kwa wiki ninayelala pale ni mimi na watoto."

Mikono ilinyooshwa kabla hajaketi. Nilihesabu hadi nikachoka. Mwenyekiti alimgeukia Josephat, akamwuliza kama ana pingamizi la ombi kuandikwa kwa jina la mke wake. Alikuwa na njia mbili tu: nyumba ikose bunduki, au bunduki iwe na mwenyewe mwingine. Alisema neno ambalo halikufika mezani kwangu.

"Sauti, Baba Kija!" mtu alimtania mwombaji. "Ya kukoki!"

"Iandikwe," Josephat alisema.

Nikaandika: Selina. Nililiandika kwa hati nzuri kuliko kawaida yangu.

Mengine yalichukua miezi mitano: polisi, vikao vya juu, mafunzo. Selina alifaulu mara ya kwanza. Alirudi kwa mzee Abdillah akaikuta ile ya mtutu mmoja imekwisha pakwa mafuta. Kabati la chuma lilifungwa ukutani kwa boliti nne, na ufunguo wake hukaa kiunoni mwa Selina, kwenye uzi. Siku ya kwanza ya kibali walikwenda Magu. Kwa risasi tatu alipata kanga wawili. Josephat aliwabeba wakining'inia kwa miguu kutoka stendi hadi nyumbani, akipita barabara ndefu, na kwa kinyozi alisema, "Tulipiga wawili." Pius peke yake ndiye aliyempongeza.

Majuzi nilikuwa kwao nikisubiri mchele wangu. Walikuwapo wageni wawili kutoka Nansio, na Josephat alikuwa amekwisha wasimulia kanga hadi wakafika saba.

"Mama Kija," aliita, "hebu lete ufunguo."

"Wa nini?"

"Wageni waione."

"Bunduki siyo albamu ya harusi, Baba Kija. Wape chai."

Aliwapa chai.

Tangu leseni itoke mwano umepigwa mtaani kwetu mara mbili. Mara zote mbili Josephat Chenge alitangulia watu wote kufika, akihema, na fimbo.