Jicho la Mama Ngoja

Kwenye kituo cha kupozea umeme walimwita Mama Ngoja, wala hakununa. Fundi akiinua mguu tu kukanyaga ngazi ya safu ya kapasita, yale makopo yanayotunza umeme hata baada ya kuzimwa, utamsikia: "Ngoja!" Wenye haraka walimcheka, wakidai hata chai huiamrisha isubiri. Wacheke tu. Tangu ashike matengenezo, hakuna aliyetolewa pale kwa machela.

Sifa yake kubwa, lakini, ilikuwa jicho. Kila kopo la kapasita lilikuwa na fyuzi yake kwa nje, na fyuzi ikikatika, waya wake huning'inia. Mama Ngoja alisimama nje ya uzio na darubini, akatamka, "Lile la juu, kushoto, limekufa." Na kweli limekufa. Siku moja aliona waya, kumbe ni jani la kiota cha ndege. Wakamtania mpaka wakachoka wenyewe.

Safu ilipochakaa, mkuu wa kituo akamwita yeye na fundi mwenzake, ambaye ndiye mume wa dada yake. Wanunue zenye fyuzi za nje kama hizi, au zile ambazo fyuzi ndogondogo zimo ndani ya kopo? Mkuu alijua uzuri wa zote mbili. Alitaka kauli ya wanaopanda ngazi.

Kwenye korido shemeji alimvuta mkono. "Shemeji, sema za nje. Za ndani hazionekani, ni kupima kwa mashine tu. Utakuwa unajichimbia kaburi mwenyewe."

Alisema kweli, na ilimuuma. Lile jicho ndilo lililompa heshima pale, na mwanamke hakupewa heshima ile bure. Hata hivyo aliingia, akaketi.

"Za ndani," alisema.

Mkuu akaweka kalamu chini. "Wewe? Kwa nini?"

"Fyuzi ya nje ikikatika, kopo linatengwa na wenzake. Tukizima na kuumwaga umeme wa safu ardhini, lenyewe linaweza kubaki limeshiba umeme. Na ndilo hilo hilo mtu anapanda kulibadilisha. Lazima aliguse kwanza kwa waya wa ardhini, peke yake. Lenye fyuzi za ndani, moja ikikatika hupoteza kipande kidogo tu; kopo linabaki limeungana na wenzake, linamwaga pamoja nao. Waya tutagusisha vilevile, ila atakayesahau atakuwa na pa kuponea."

"Mbona hapa hakuna aliyewahi kusahau?"

"Wamesahau, bosi. Nilikuwepo nikapiga kelele."

Shemeji aliinamisha kichwa. Mara ya mwisho glavu yake ilikuwa imebakiza shubiri moja tu kulifikia kopo.

"Kupima nitajifunza," Mama Ngoja aliendelea. "Lakini ipo siku sitakuwepo. Sitaki dada yangu awe mjane ili mimi nisifiwe jicho."

Mkuu aliandika. Shemeji aliinama akajifanya anafunga kamba za buti, na buti zile hazikuwa na kamba.