Karamu ya Guruguru

Sogea karibu nikueleze, hasa wewe ambaye ukiona kitu kinang'aa mchangani unakimbilia fagio. Guruguru si nyoka. Ni mjusi mnene, mwenye ngozi laini kama iliyopakwa mafuta, na miguu yake ni mifupi mno kwa mwili alionao, ndiyo maana akitembea anaonekana kama anajivuta. Hana sumu. Haraka pia hana. Mjusi wa ukutani ukimkaribia ameshapotea, lakini guruguru anasimama kwanza, kama anafikiri, kisha anazamisha kichwa mchangani na kujisokota taratibu mpaka mkia nao unazama. Ukiwa na subira utamzoea, na yeye atakuzoea.

Haya nimeyajua kwa kukaa na mama yangu kule Kibamba, nyuma ya nyumba, kwenye migomba iliyoota pale maji ya bafu la nje yanapoishia.

Mama alihamia huko baada ya baba kufariki. Kabla ya hapo alikaa Temeke miaka yote, nyumba ya wapangaji, ua mmoja, majirani mpaka mlangoni. Mdogo wangu wa kiume akasema mama hawezi kuendelea kugombania zamu ya choo kwa umri ule, akamchukua kwake. Ni mtoto mwema, nalisema mapema usije ukamchukia haraka. Ila yeye na mkewe walitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi giza limeingia. Mie nafundisha Temeke, nilikwenda Jumamosi tu, na si zote. Mama akabaki na geti, ukuta na redio.

Ndipo akampata guruguru. Siku ya kwanza alipomwona alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili akarudi kuangalia kama bado yupo. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini mng'ao ule aliuona akiinama. Akahamishia kigoda chake migombani, na chai ya asubuhi akawa anainywea hapo.

Alijifunza kwa kukosea. Alimwekea wali, ukaliwa na sisimizi. Akamwekea dagaa wa chumvi, nikamwomba aache, kwani chumvi haimfai kiumbe mdogo hivyo. Mwishowe akavunja bonge la udongo lenye mchwa, na guruguru akatoka kwenye majani akala mmoja mmoja, bila pupa. Mchwa, mende, panzi wadogo, mabuu, hicho ndicho chakula chake. Maji aliyaweka kwenye kifuniko cha ndoo, na jiwe katikati ili mnyama asizame. Kuku wa jirani aliwafukuza kwa fimbo. Majani makavu alikataza yasifagiliwe, maana humo ndimo guruguru anamopata unyevu, joto na pa kujificha.

Mkwewe alilalamika. "Mama, wageni watasema hatufagii uwanja."

"Waambie mchafu ni mimi," mama akajibu. "Nyie wasafi mmo ofisini."

Nami sikupona. Nilipofika Jumamosi moja baada ya kukosa mbili, nikamwamkia, akaitikia "marahaba" bila kugeuka. "Huyu mjusi ana adabu kuwashinda. Nikikaa tu, anakuja. Nyie mpaka niumwe."

Baada ya masika wakawa watatu. Mama aliwajua kwa mikia, wa mmoja wao ulikuwa umekatika na kuota tena kibutu. Alinisimulia habari zao kama za wapangaji wenzake wa zamani: nani kachelewa kutoka, nani kamzidi mwenzake tumbo. Niliona amenenepa kidogo. Nikashukuru.

Kisha mchwa wakala fremu ya mlango wa chumba chake. Mdogo wangu akaamua kumjengea chumba kipya, chenye choo ndani, asitoke tena usiku kwenda nje. Msingi ukachimbwa hatua chache kutoka migombani. Kama ujuavyo, huku kwetu msingi hauinuliwi mpaka umwagiwe dawa ya mchwa.

Nilimweleza mdogo wangu polepole, kama ninavyoeleza darasani. Dawa haimchagui mchwa peke yake. Mchwa akinyweshwa dawa hafi papo hapo, anatoka juu akiyumba, na anayemla anakula dawa.

"Dada, kweli tusimamishe ujenzi kwa ajili ya mijusi?"

"Sijasema msimamishe. Nasema mnisubiri Jumamosi, niwahamishe kwa ndoo. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Haya, mwalimu. Jumamosi."

Nilikwenda Jumamosi na ndoo mbili. Nilipofungua geti harufu ikanipokea. Fundi alikuwa amepata nafasi Ijumaa, na mdogo wangu akaona hakuna sababu ya kumrudisha. Walipuliza msingi wote, na dawa iliyobaki kwenye bomba, ili isipotee bure, wakaimalizia migombani bila kumweleza mama.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, uso umemchangamka.

"Njoo, mwanangu, njoo uone karamu! Mchwa wamejileta wenyewe. Leo sikuvunja hata bonge moja."

Juu ya majani mchwa walikuwa wametapakaa, wengine chali, miguu ikicheza. Guruguru wote watatu walikuwa nje, kwenye jua, wanakula. Mama alikuwa na kijiti, anawasogezea.

"Huyu wa kibutu ameshiba mpaka hawezi kugeuka," akasema, akicheka.

Nikamshika mkono uliokuwa na kijiti. Akaniuliza kulikoni. Kazi yangu ni kueleza, na sikuwahi kuichukia kama dakika ile. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo nimewalisha mimi?"

Nikamwambia hapana, mama, hukujua. Akakiweka kijiti chini.

Niliwatia kwenye ndoo yenye mchanga mbichi na majani kutoka nje ya uzio, nikaiweka kivulini. Mchana wakaanza kutetemeka. Wa kibutu alijipindua chali, nikamgeuza, akajipindua tena. Kabla ya jioni ndoo ilikuwa kimya.

Mdogo wangu aliporudi akatazama ndani ya ndoo, akakuna kichwa. "Pole, mama. Lakini mijusi tu jamani. Nitakununulia kuku wa mayai, utakuwa unawalisha hao."

"Chumba unanijengea vizuri, baba," mama akamjibu. "Ahsante."

Mdogo wangu akaridhika, akaenda kuoga.

Chumba sasa kimekwisha, kizuri, na uwanja umepangwa matofali mpaka ukutani. Migomba ilikatwa. Kigoda kiko barazani, na mama anakaa ndani. Kuku walikuja kweli, anawalisha mkwewe. Nikimuuliza mama kwa nini hatoki kuota jua, ananiambia, "Nitoke nikatazame nini?"

Nimebaki na hili la kukupa wewe, ambaye bado hujajenga au hujapuliza. Kabla dawa haijafunguliwa, nenda mwenyewe asubuhi, jua likiwa limeanza kupasha majani. Funua majani kwa mkono, taratibu. Ukimwona guruguru usimshike mkia, utakatika. Pitisha kiganja chini ya tumbo lake, mtie kwenye ndoo yenye mchanga mbichi, umpeleke mbali na dawa, umfunike kwa majani yale yale aliyoyazoea. Fundi asubiri.