Ufa wa Ukuta wa Mbele

Kila kiangazi plasta ya ukuta wa mbele wa nyumba yetu pale Voi ilipasuka. Haikupasuka ovyo kama kuta nyingine za mtaa ule. Ufa wetu ulishuka wima, ukakata kona, ukaenda mlalo kama futi sita, kisha ukapanda tena. Nami kila mwaka nilichanganya simiti na mchanga wa mto, nikauziba, nikapaka chokaa juu. Nilifanya hivyo kwa miaka zaidi ya kumi bila kujiuliza kwa nini ufa uwe na kona.

Nyumba ilikuwa ya watu wawili. Mimi nilikuwa karani wa bohari ya mizigo pale stesheni. Mwenzangu alikuwa nyapara wa genge lililotunza njia ya reli, Mjaluo mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Tulipata ploti pamoja miaka michache baada ya uhuru, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kujenga peke yake, na majina yote mawili yakaandikwa. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa vyake yeye na mkewe. Viwili vya nyuma vilikuwa vyangu. Familia yangu ilibaki Wundanyi kwenye shamba, nami nilipanda kuwaona mwisho wa juma. Katika muda wote huo tulikosana mara moja tu, na ilikuwa habari ya kuku.

Alipokaribia kustaafu alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Yeye alikuwa mzaliwa wa kwanza. Kwao, upande wa ziwa, mdogo hawezi kutoka katika boma la baba na kuanzisha lake kabla mkubwa wake hajaanzisha. Yeye alikuwa huku Voi akinyoosha reli, na wadogo zake wawili, watu wazima wenye watoto shuleni, walikuwa wamebanana kwa baba yao wakimngoja.

"Yule wa mwisho ameanza kuota mvi," aliniambia. "Anaota mvi ndani ya kibanda cha kijana. Na anayemzuia ni mimi."

Ilimbidi auze sehemu yake, aende kwao, na nyumba isimame kabla mvua za masika hazijaanza. Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa mkulima wa Mahoo aliyeleta ndizi kwa treni ya Taveta na ambaye alikuwa amechoka kulala stesheni katikati ya mikungu yake. Alitaka vyumba viwili vyenye mlango wa kufunga, basi. Mimi nilikubali awe mwenzangu mpya. Kilichobaki ni ofisi ya baraza kuidhinisha uuzaji, na ofisi ilitaka kitu kimoja: ramani ya jengo yenye muhuri wa kukubaliwa.

Mimi ni mtu wa kutunza karatasi. Nilikuwa na stakabadhi za mabati, za misumari, hata ya lori lililoleta mawe. Ramani sikuwa nayo. Niliamini iko kwa mwenzangu. Yeye aliamini iko kwangu, kwa kuwa, alivyosema, "wewe ndiye unayelala na makaratasi, mimi nalala na mke."

Tukaenda ofisini pamoja. Karani alitafuta katika kabati la nyumba za kuishi, akarudi mikono mitupu.

"Nyumba yenu haipo."

"Ipo," nilisema. "Nimetoka humo asubuhi hii."

"Huko kwenu ipo, mzee. Huku kwetu haipo."

Alitushauri twende Wundanyi, pengine nakala ilipelekwa makao makuu ya wilaya. Nilipanda mlima. Wundanyi walikuwa na orodha ya ploti, na ploti yetu imo, na majina yetu yameandikwa vizuri, lakini ramani zote, walisema, ziko Voi. Nikateremka. Nilikuwa na kawaida ya kutokubali neno la mtu mpaka nisome mwenyewe, basi niliazima kitabu cha sheria ndogo za ujenzi nikakisoma mara mbili nzima. Mara ya kwanza nilielewa kwamba jengo lisilo na ramani laweza kuamriwa kubomolewa. Mara ya pili nilielewa vivyo hivyo. Lakini sikuelewa jengo kama hilo lilipataje kusimama kwenye barabara ya mji miaka yote ile, likilipiwa kodi ya ploti kila mwaka, na ofisi ikiipokea.

Mwenzangu aliacha kutania. Siku hizo akitoka kazini alikaa kwenye kiti mlangoni akitazama mawingu ya upande wa Mwatate, ingawa mvua ya Mwatate haikuhusu kwao kabisa.

Hatimaye ofisi ilimtuma mkaguzi wa majengo aje aione nyumba. Alikuja mtu mnene, mpole, na futi yake ya kukunja. Alipima vyumba, akapima ua, akarudi mbele. Akasimama kwenye ukuta, akaupitisha mkono juu ya ufa, ambao mwaka ule nilikuwa sijauziba. Mkono ukashuka, ukaenda pembeni, ukapanda.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

"Ukuta," nilisema.

"Ukuta haupasuki hivi."

"Udongo wa hapa huvimba," alisema mwenzangu.

Mkewe alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga. Hakuinua kichwa. "Palikuwa na dirisha la duka," alisema. "Mimi nilitaka liachwe."

Tulimgeukia sote watatu. Akaendelea kuchambua. "Mlisema vumbi. Mkaziba. Nami nikawaambia, niachieni niuze chumvi, nitafuta vumbi mwenyewe. Mmesahau?"

Tulikuwa tumesahau. Sasa hata nikiandika haya inaniwia vigumu kueleza jinsi watu wawili wenye akili wanavyoweza kusahau kitu cha ukubwa ule. Mstari ule wa ploti ulitolewa kwa maduka peke yake. Aliyetuchorea ramani alitwambia hivyo, na akachora duka, kama alivyowachorea wengine, na sote tukaona ni namna ya kuandika tu, kama vile mtu anavyoandika "mtiifu wako" mwishoni mwa barua bila nia ya kumtii mtu. Fundi akajenga kilichochorwa, dirisha pana la kaunta likiwa mbele. Jengo likakaguliwa, likakubaliwa. Kisha vumbi la barabara likaanza kuingia kwenye ugali, tukaziba dirisha kwa mawe, tukalala.

Mkaguzi alirudi ofisini akafungua kabati jingine, la maduka. Ramani yetu ilikuwa humo, safi, na muhuri wake. Sehemu ya mwenzangu iliandikwa duka na chumba cha muuzaji. Sehemu yangu iliandikwa stoo, na chumba cha pili, stoo.

"Basi imepatikana," nilisema kwa furaha.

"Ya duka imepatikana," alisema mkaguzi. "Ya nyumba ya kuishi haijapatikana, maana haijawahi kuwapo. Na nilichokipima mimi ni nyumba ya kuishi."

Akatueleza polepole. Tungeweza kuomba jengo libadilishwe matumizi. Ombi lingepitia kamati, kisha lingepanda Wundanyi, na hakuweza kuahidi kwamba lingeshuka mwaka ule. Au tungeweza kulirudisha jengo kama lilivyokubaliwa. "Nikikuta jengo linafanana na ramani, nitaandika linafanana. Kazi yangu ni hiyo."

"Na anayelala ndani?" niliuliza.

"Ramani haionyeshi watu," alisema.

Nilitaka kulifikiri jambo hilo kwanza. Mwenzangu hakutaka. Jioni ile ile alichukua nyundo na patasi za kazini, na kwa kuwa ufa ulikuwa umeshachora njia, mawe yalitoka moja baada ya jingine kama yaliyokuwa yakingoja. Mkewe alisimama barabarani akimwelekeza. Ubao wa kitanda cha zamani ukawa kaunta. Mkewe akapanga bidhaa juu yake mwenyewe: chumvi yake ya jikoni, sabuni ya kipande aliyoikata, viberiti, mafuta ya taa kwenye chupa. Kwangu nyuma tuliegemeza kitanda ukutani, na mwenye kinu cha posho akatuazima magunia ya mahindi.

Mkaguzi alipokuja asubuhi, walikuwapo wanunuzi wanne kwenye dirisha, na hakuna aliyewaita. Mama mmoja alikuwa akilalamika kwamba chumvi imepimwa kidogo.

"Kesho nitakuongezea," alisema mke wa mwenzangu.

"Kesho mtakuwa mmefungua?"

Alihesabu chenji, akamrudishia.

Mkaguzi alinunua kiberiti, akaja nyuma kwangu. Alitazama magunia, kisha rafu yangu ya vitabu, ambayo sikuwa nimepata pa kuificha.

"Hivi navyo ni bidhaa?"

"Ni vya hesabu za duka," alidakia mwenzangu.

Mkaguzi alitoa kimoja, akakifungua. Kilikuwa kitabu cha nyota na sayari. Alikisoma kidogo akiwa amesimama, akakirudisha mahali pake. "Mna duka kubwa," alisema, akaandika kwamba jengo linafanana na ramani.

Sikujua nifurahi au la. Kila alichoandika kilikuwa kweli. Dirisha lilikuwapo, chumvi iliuzwa, magunia yalikuwa na mahindi. Hata hivyo mimi, niliyekuwa nimelala katika chumba kile miaka mingi, nilijiona kama mtu aliyehifadhiwa humo kwa muda.

Mkulima wa Mahoo alipokuja kutia sahihi alisimama mbele ya nyumba akiwa ameshika kofia.

"Mzee, mimi nilinunua chumba. Mbona kina shimo?"

"Ni duka," mwenzangu alimwambia.

"Sikutaka duka. Nalima, nasafiri, nauza sokoni. Nataka kulala."

"Utalala. Lakini kwa karatasi ni duka."

Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nabaki. "Na wewe mwenzangu, kwa karatasi wewe ni nani?"

"Stoo," nilisema.

Alicheka sana, akatia sahihi.

Mwenzangu na mkewe waliondoka kwa treni ya Nairobi juma lile lile, na mvua ilikuwa haijaanza. Mkewe alikuwa ameuza mpaka asubuhi ya safari. Kabla ya kupanda alinipa kibati cha kupimia chumvi. "Mwambie huyo wa ndizi asizibe," alisema. "Miaka yote hiyo nimekaa nikitazama ukuta, kumbe watu walikuwa nje."

Mwenzangu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wadogo zangu wanajua nakuja," alisema. Treni ikaondoka.

Nilimfikishia mkulima ujumbe ule. Alinisikiliza vizuri. Siku chache baadaye, vumbi likiwa limemharibia ndizi za kuivisha, alikuja nyuma kwangu akaniuliza kama ninapinga akiziba. Nilisimama ukumbini nikijaribu kupata jibu sahihi. Dirisha likiwa wazi, nyumba ilikubaliwa na haikukalika. Likizibwa, ilikaliwa na haikukubaliwa. Nilifikiri juu ya siku ambayo yeye naye, au mimi, tutataka kuuza. Mawe yenyewe yalikuwa bado yamepangwa uani, pale mwenzangu alipoyaacha. Mwishowe nilimwonyesha ndoo ya simiti ilipo.

Mwaka uliofuata gadi mmoja wa treni, aliyetoka upande wa kwa mwenzangu, aliniletea habari zake. Nyumba ilisimama kabla ya mvua. Mdogo wake wa kwanza alishahamia boma lake mwenyewe, na yule mwenye mvi alikuwa juu ya paa akiezeka. Mke wa mwenzangu alikuwa na kibanda kando ya barabara, akiuza chumvi na sabuni.

Nilimshukuru, nikarudi nyumbani. Kilikuwa kiangazi. Ufa ulikuwa umeshatokea kwenye ukuta wa mbele, na kona zake zote. Nilienda uani nikaitazama simiti, kisha nikaingia ndani nikaketi, na mwaka ule sikuuziba.