Twiga Kwenye Pasi ya Baba

Kazi yangu ilikuwa mihuri. Miaka kumi na tisa nimekaa katika chumba cha chini cha wizara moja pale Maskati ya zamani, nikiwapigia watu muhuri wa duara kwenye karatasi zao. Haikupita siku ila nikamrudisha mtu kwa sababu muhuri wake umekaa pasipokuwa pahala pake. Nilikuwa mkali, tena sina haya. "Khalas, ammi, basi tena, hii imeharibika, kalete nyingine." Nnalisema hili mwanzo, ili mtu asije akaniuliza huko mbele kama nilikuwa sijui. Nilikuwa nnajua.

Baba alikuwa na dada bara. Baba yao mmoja, mama mbalimbali. Babu alikuwa na duka katika mji mdogo upande wa Morogoro, akamuoa bibi yetu, kisha akamuoa na mwanamke wa hapo hapo, akamzalia mtoto wa kike mmoja. Ulipofika wakati wa kuondoka kuja Omani, babu aliwaandikisha watoto wake kwenye pasi yake ya kusafiria, ukurasa wa watoto, kama ilivyokuwa ikifanywa zamani. Huyu mmoja hakuandikwa. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Wakubwa wetu walipoulizwa walijibu kwa mkato: "Nafasi ilikwisha." Pasi ile ya babu baba alikuwa nayo ndani ya sanduku lake la nguo, na mimi nimeufungua ule ukurasa kwa mkono wangu. Jina la mwisho ni la baba. Chini yake pana mistari miwili mitupu.

Sasa, katikati ya miaka ya tisini, baba alianza kwenda kumuona. Lakini kwetu Bawshar, hapa hapa Maskati, Ijumaa watu wamekaa kwenye sinia la wali, huwezi kusema tu nnakwenda kwa dada yangu. Dada yupi? Wengine walikuwa wanajua na hawataki kusikia, wengine hawajui na si wa kuambiwa mbele ya watoto. Basi baba akisema, "Nnakwenda mbugani." Weee, walimcheka! "Mtu anaacha kwake, anapanda ndege akatazame fisi?" Ami yangu mmoja alikuwa akimwita Bwana Tembo. Baba anacheka nao, anamega nyama, anakula.

Na mbugani tukienda kweli, maana baba uongo mtupu hakuuweza. Mimi nikifuatana naye kwa sababu sukari yake ilikuwa inapanda na kushuka na mtu wa kumuangalia ni mimi. Siku moja mbugani, siku nne kwa shangazi. Alikuwa anakaa nyumba ya bati nyuma ya soko, mwanamke mrefu, na pua ni ile ile ya baba. Mara ya kwanza hakumkumbatia baba. Alimkalisha kitini, akasema, "Kaka, nionyeshe pasi."

Baba akampa. Shangazi hakujua kusoma, si Kiarabu wala si kizungu. Alifungua kurasa moja moja, akaitazama ile mihuri ya kuingia na kutoka. "Haya madoa ndiyo nini?" Baba akamueleza: hapa nimetoka Maskati, hapa nimeingia kwenu. Akamsikiliza, kisha akafunga kitabu akamrudishia. "Haya. Mimi nitajuaje?"

Neno lile lilinikaa. Mwaka wa pili, langoni mwa mbuga, palikuwa na meza yenye daftari la wageni na muhuri wa mpira wenye picha ya twiga, wazungu wakipigiwa kwenye kadi zao za picha. Mimi nikatoa pasi ya baba. Karani akaniuliza, "Humu?" Nikamwambia humo humo, piga. Ningekuwa kazini ningemfukuza mtu kama mimi. Lakini nilikuwa likizo, na nilikuwa nimechoka na yale madoa.

Shangazi alipofika kwenye ukurasa wa twiga aliruka. "Huyu namjua! Kaka, huyu amekupitisha huyu?" Akaita majirani. Akacheka mpaka akakaa chini, na baba akacheka, na mimi nikatoka nje nikajifanya nnatafuta maji. Tangu hapo ikawa ndiyo ada yetu. Mwaka wa tatu tembo, mwaka wa nne nyati. Hatujavua viatu, tayari anauliza, "Mwaka huu kakupitisha nani?" Ilikuwa pasi ya baba tu. Yangu niliiacha safi. Hakuna aliyetukamata miaka yote hiyo. Maafisa walifungua ukurasa wanaoutaka, wakagonga muhuri wao, basi.

Halafu ikaja simu. Binti yake shangazi alipiga kutoka dukani kwa jirani, akasema mama ameanguka, mguu umeoza kwa sukari, hali chakula, na kila akizinduka anaulizia kaka yake. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alkhamisi asubuhi tulikuwa uwanja wa ndege. Baba kavaa dishdasha mpya na kilemba, mkononi ana bakuli la halua.

Afisa alikuwa kijana mpole. Aliifungua pasi, akafungua tena, akasita. "Mu hadha, ammi?" Nini hii? Kidole chake kilikuwa juu ya twiga. Akageuza, tembo. Akageuza, nyati.

Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia. "Mimi nimepiga," akamwambia. "Mimi mwenyewe." Yule kijana akamtazama kwa huruma, akamwambia maneno ambayo mimi nimewaambia watu maisha yangu yote, tena kwa sauti ile ile ya kazini: hii imeharibika, kalete nyingine.

Kwetu wakati ule Alkhamisi na Ijumaa afisi zimefungwa. Baba akanigeukia. "Pasi yako safi. Nenda wewe." Nikamwambia siendi bila yako, nani atakuangalia sukari yako. Nilisema hivyo. Ukweli ni kuwa sikuthubutu kuingia mlangoni mwa shangazi peke yangu, aniulize kaka yuko wapi, nimjibu nini. Tukarudi nyumbani kwa gari, njia ile pana, taa za barabarani bado zinawaka mchana. Halua ikabaki kiti cha nyuma.

Jumamosi nikamsimamia pasi mpya. Maswali, barua, picha. Jumapili adhuhuri binti yake shangazi akapiga tena.

Nilipokea mimi. Nikamwambia baba akiwa anatia udhu, mkono mmoja umelowa. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akamaliza kutia udhu, akasali. Mimi nikapika. Nakumbuka nilipika mchuzi wa papa na ulikuwa mzuri. Nilingoja kilio kije, hakikuja. Nilikuwa na ganzi, kifua kizima, mtu angenifinya nisingejua. Jumatatu nikaenda kazini nikapiga mihuri. Akaja mzee mmoja, muhuri wake umekaa ukingoni. Nikampitisha. Akaja mwengine, nikampitisha. Wenzangu wakanitania, "Leo una nini, umekuwa malaika?"

Baba hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Ile pasi ya wanyama ilirudishwa imekatwa pembe, alama ya kuwa imefutwa, akaiweka sandukuni juu ya ile ya babu, na katika nyumba hapakusemwa tena mbuga.

Mwaka uliofuata, Ijumaa, sinia limekaa, yule ami yangu akauliza, "Bwana Tembo, mwaka huu huendi kutazama fisi wako?" Baba akaweka tonge chini. "Nnakwenda kuzuru kaburi la dada yangu," akasema. Akamtaja jina mbele ya watoto wote. Mtoto mmoja akauliza ni nani huyo, na mama yake akamtilia wali.

Safari hiyo hatukwenda mbugani. Tulikwenda moja kwa moja makaburini, binti yake shangazi akatuonyesha, akatuacha. Baba akachutama. Akasoma Fatiha. Kisha akatoa ile pasi iliyokatwa pembe, akaifungua, akaanza kumwambia kwa sauti ya kawaida, kama wako barazani: huyu twiga, huyu tembo, huyu nyati. "Mwaka jana, dada, hakunipitisha mtu."

Mimi nimesimama, mkoba kwapani, sihisi kitu. Nilitazama mchwa. Nilifikiri joto litampandisha sukari.

Ndipo akatia mkono mfukoni mara ya pili, akatoa pasi ya babu. Imechakaa, uti wake umeshonwa kwa uzi. Akaufungua ukurasa wa watoto akaniwekea mbele.

"Una kalamu?"

Ninayo. Mtu wa afisi hakosi kalamu. Akaniwekea kidole chini ya jina lake. "Andika hapa. Una hati nzuri wewe."

Mdomo ulitaka kumwambia huwezi kuandika kwenye pasi ya mtu, itaharibika. Nikauona ule mstari mtupu. Nikachutama, nikaiweka pasi juu ya goti, nikaandika jina la shangazi, halafu jina la baba yake, halafu la babu yake, kama walivyoandikwa wenzake.

Baba akapuliza wino ukauke. Akaangalia chini ya jina lile, mstari mmoja uliobaki, akaupitisha kidole taratibu.

"Nafasi ilikuwepo," akasema.